Filta mbadala ya oili kwa injini ya dizeli ya boti: mwongozo kwa wenye boti Ziwa Nyasa

Kuanzia Itungi na Matema hadi Lupingu na Manda, mwenye boti ya dizeli ana shida moja: duka lenye filta za kuchagua liko Mbeya mjini, na rafu zake zimejaa filta za Probox, Noah, Fuso na Scania. Yenye jina la injini yako haipo. Kuiagiza Dar es Salaam ni siku kadhaa za boti kukaa ufukweni wakati usipa wanavuliwa. Muuzaji anaishika ile ya zamani, anaichungulia, anatoa nyingine rafuni, anasema "hii inaingia."

Kuingia ni jambo moja, kufaa ni jingine. Filta inaweza kuingia vizuri, isivuje hata tone, na bado ikazila beringi za kranki kidogo kidogo, kwa sababu ya valvu mbili zilizomo ndani ambazo kwa nje hazionekani. Kwa hiyo kazi kubwa ya kuchagua filta hufanyika nyumbani, kabla hujapanda gari la Mbeya.

Maelezo haya ni ya filta za kopo, zile zinazofungwa kwa kuzungushwa. Kama boti yako inasukumwa na injini ya Kichina ya silinda moja, aina ya S195 na jamaa zake, angalia kwanza: nyingi hazina filta ya kopo, zina chujio la waya linalooshwa kwa dizeli safi na kurudishwa. Nauli yako imepona.

Hatua ya 1: Andika kabla ya kusafiri

Muuzaji akisikia "injini ya Yanmar" peke yake, hajajua kitu. Soma kibati kilichopigiliwa kwenye injini na uandike modeli yote, pamoja na herufi za mwisho. Andika namba iliyo kwenye filta ya sasa, lakini usiiamini mpaka uilinganishe na kitabu cha injini, kwa maana huenda aliyekutangulia naye alifunga ya kubahatisha. Piga picha ya filta ikiwa bado imefungwa, ionekane imekaaje: mdomo juu, mdomo chini, au imelala. Picha hiyo itaamua jambo huko mbele.

Usishtuke namba za kiwandani zikitofautiana mkiani. Yanmar, kwa mfano, filta ya injini zake ndogo kama 2GM na 3GM imepita katika namba 119305-35150, kisha 119305-35151, kisha 119305-35170. Ni filta ya kazi ileile iliyofanyiwa marekebisho, na namba mpya huchukua nafasi ya ya zamani. Mwanzo wa namba ukibadilika, hiyo mara nyingi ni filta nyingine.

Kisha tafuta injini mama. Injini nyingi za boti zilianza maisha nchi kavu, zikaongezewa mfumo wa kupozwa kwa maji na vifaa vingine vya boti. Beta Marine na Nanni wametumia sana injini za Kubota, Vetus za Mitsubishi, na Perkins 4.236 iliyo kwenye maboti ndiyo hiyohiyo iliyofungwa kwenye matrekta ya Massey Ferguson. Hili lina faida kubwa kwetu: duka la spea za trekta, linalohudumia wakulima wa mpunga wa Mbarali na Usangu, mara nyingi litakufaa kuliko duka la magari madogo. Ingia huko kwanza.

Tahadhari moja. Aliyeigeuza injini kuwa ya boti wakati mwingine huhamisha kiti cha filta ili kuifikia kwa urahisi, au huigeuza ilale. Injini mama inakupa pa kuanzia, vipimo ndivyo vinavyoamua.

Hatua ya 2: Pima meno

Ifungue filta ya zamani, futa stadi (kile kibomba chenye meno kinachotoka kwenye injini) na upime kipenyo chake cha nje kwa venia kalipa (kipimo cha taya kinachosoma sehemu za milimita). Rula haitoshi, kwa sababu tofauti tunayoitafuta haifiki milimita moja.

Saizi utakazokutana nazo zaidi kwenye injini ndogo ni hizi mbili. M20 x 1.5 ina kipenyo cha milimita 20 na milimita 1.5 kutoka jino hadi jino, na venia itasoma pungufu kidogo, kama 19.8 hadi 19.9. Robo tatu ya inchi yenye meno 16 kwa inchi ina milimita 19.05, nayo itasoma karibu na 18.9. Filta nyingi za Toyota ndogo za petroli ni za robo tatu ya inchi. Nyingi za Nissan ni M20.

Hatari haiko sawa pande zote. Ukijaribu filta ya robo tatu kwenye stadi ya M20 itagoma, utajua umekosea, basi. Lakini filta ya M20 kwenye stadi ya robo tatu itaingia, tena kwa ulaini unaopendeza. Itazunguka, itabana gasketi (ile pete ya mpira kwenye mdomo wa filta), haitavuja injini ikiwa polepole. Meno yanashikana kwa ncha tu. Siku moja oili ikiwa baridi na presha imepanda ghafla, au mtikisiko wa safari ndefu ukishayalegeza, filta inachomoka na oili yote inamwagika chini ya injini kwa muda mfupi kuliko wa kuifikia swichi. Filta ya inchi 13/16 (milimita 20.64) nayo inafanya uhaini huohuo kwenye stadi ya M20.

Kwa hiyo ulaini usiupende. Filta sahihi ikishikwa kabla gasketi haijagusa haichezi sana kushoto na kulia. Ikicheza kama mlango wenye bawaba mbovu, itoe. Wapo mafundi wanaohesabu meno ili kutofautisha saizi hizi mbili, lakini stadi ni fupi mno: katika milimita 12 moja ina meno 8, nyingine saba na nusu. Jicho litadanganyika. Pima kipenyo.

Hesabu pia mizunguko. Rudisha filta ya zamani kwa mkono na uhesabu ni mizunguko mingapi tangu meno yashike hadi gasketi iguse. Mpya ikitoa mizunguko pungufu kwa zaidi ya mmoja, ama bati lake ni jembamba, ama stadi inagonga kitu ndani kabla gasketi haijabana. Zote mbili si za kufunga.

Hatua ya 3: Gasketi na mahali inapokaa

Pima kipenyo cha nje na cha ndani cha gasketi ya zamani, kisha pima uso bapa wa injini ambao gasketi inaukalia. Gasketi yote inatakiwa kukaa juu ya uso huo. Ikining'inia ukingoni hata kwa milimita moja, itavumilia kwa muda, kisha italika na kusukumwa nje.

Kipimo rahisi kuliko venia: paka chaki kavu kwenye uso wa injini, paka oili kidogo kwenye gasketi mpya, funga kwa mkono mpaka iguse, fungua. Alama iliyoachwa iwe duara kamili lisilokatika, na pande zote mbili za duara ubaki uso bapa mtupu. Futa chaki yote, hata vumbi lake.

Hatua ya 4: Valvu ya baipasi

Hapa ndipo filta za magari madogo zinapoangukia.

Karatasi ya filta ikiziba, au oili ikiwa nzito mno kupita, kuna haja ya njia ya pembeni ili injini isikose oili kabisa. Oili chafu ni afadhali kuliko kukosa oili. Njia hiyo ni valvu ya springi inayofunguka pale tofauti ya presha kati ya kabla na baada ya karatasi inapofikia kiwango fulani. Kwenye baadhi ya injini valvu hii imo ndani ya filta. Kwenye nyingine imo kwenye injini yenyewe, na filta yake haina.

Sasa fikiria makosa yanayowezekana. Injini isiyo na baipasi yake, ukiifungia filta isiyo na baipasi, karatasi ikiziba haina pa kupitia: inakunjamana, inachanika, vipande vinaingia kwenye njia za oili. Injini yenye baipasi yake ukiifungia filta yenye nyingine, ile yenye springi laini ndiyo itakayofunguka kwanza, na oili itazunguka bila kuchujwa huku wewe ukiamini imechujwa.

Kiwango cha kufunguka huandikwa kwa bari au psi (bari 1 ni psi 14.5). Filta za magari madogo ya petroli nyingi ziko karibu na bari 1, za dizeli na za kazi nzito hupanda hadi 2 au 2.5. Watu huchanganya namba hii na presha ya oili kwenye geji. Hazihusiani. Geji inaweza kusoma bari 4 huku tofauti ya presha ndani ya filta ikiwa chini ya nusu bari.

Kwa boti, springi laini ni hasara kuliko kwa gari. Gari linapanda Kitonga, linashuka, linapumzika. Boti inayokatiza mawimbi ya upepo wa mwera inaibeba injini kwa nguvu ileile saa tatu, saa nne mfululizo, na masizi ya dizeli yanaijaza karatasi mapema. Baipasi ya bari 0.8 itakuwa wazi muda mrefu wakati ya bari 1.7 bado imefungwa. Anayewasha injini kwenye baridi ya Makete au Mbeya mjini mwezi wa Julai ana sababu ya kuhofia oili nzito ya asubuhi. Kwa joto la Kyela baridi si tatizo lako, uchafu ndio.

Kanuni ya kazi: fuata filta ya asili. Kama ilikuwa na baipasi, mbadala awe nayo, na kiwango kisitofautiane kwa zaidi ya bari 0.2 au 0.3. Kama haikuwa nayo, mbadala asiwe nayo. Kumulika tochi kwenye tundu la katikati kunaweza kukuonyesha kisahani chenye springi chini ya kopo, lakini usipokiona usihitimishe, kwani filta nyingine huiweka upande wa mdomo. Jibu la uhakika liko kwenye jedwali la vipimo la mtengenezaji.

Hatua ya 5: Valvu ya kuzuia oili isirudi

Rudi kwenye picha uliyopiga. Kama filta imekaa mdomo juu, kama kikombe, oili inabaki ndani yenyewe na valvu hii si ya kuumiza kichwa. Kama imelala au imepinduliwa mdomo chini, ni lazima. Bila hiyo oili yote inarudi sampu (bakuli la oili chini ya injini) injini ikizimwa, na kila asubuhi beringi zinazunguka kavu mpaka pampu ijaze kopo upya. Dalili utaisikia kabla ya kuiona: injini inagonga ikiwashwa, na taa ya oili inachelewa kuzima.

Kuitambua si kazi. Chungulia kwenye vile vitundu vidogo vinavyozunguka tundu la katikati. Nyuma yake utaona utando wa mpira. Uguse kwa njiti safi: uwe laini, urudi mahali pake. Mweusi ni mpira wa kawaida. Mwekundu au wa rangi ya chungwa mara nyingi ni silikoni, unaostahimili joto zaidi. Mkavu unaokatika kama plastiki maana yake filta imekaa dukani miaka.

Hatua ya 6: Kopo na karatasi

Kopo refu kidogo kuliko la asili si kosa, ilimradi haligusi ubao, bomba la ekzosi wala mkanda, na mkono wako bado unapita kulifungua. Litachukua oili zaidi, basi uongeze. Kopo fupi ni karatasi kidogo, na litaziba mapema. Refu kupita kiasi nalo, likiwa limelala, linatikisika na kuchosha meno.

Usitafute karatasi inayochuja vitu vidogo mno. Yenye matundu madogo zaidi kwa eneo lilelile inaziba haraka, baipasi inafunguka, na umelipa zaidi kwa kuchuja kidogo.

Wauzaji watakuambia filta ya boti ina rangi maalumu ya kuzuia chumvi. Ni kweli baharini. Nyasa ni maji baridi, hiyo si sababu ya kulipa mara mbili. Hata hivyo unyevu wa chini ya boti unakula bati, kwa hiyo kopo lililokwaruzwa rangi lipakwe kabla ya kufungwa.

Hatua ya 7: Dukani

Herufi za mwanzo za namba ya filta zinakuepusha na kosa baya kuliko yote, la kufunga filta ya dizeli mahali pa oili. Makopo yanafanana, na meno yanaweza kuwa yaleyale. Filta ya dizeli haina baipasi na karatasi yake ni ya kuchuja kitu chembamba. Oili ikikutana nayo inakwama. Kwa Fleetguard, LF ni ya oili, FF ya dizeli, FS ya kutenga maji na HF ya haidroliki. Kwa Sakura, C ni ya oili na FC ya dizeli. Kwa Baldwin, B ni ya oili na BF ya dizeli.

Muuzaji akikupa mbadala kutoka kwenye jedwali la kulinganisha namba, tafuta vipimo vya namba hiyo kwenye simu, ukiwa hapohapo kaunta: meno, gasketi, baipasi, valvu ya kuzuia kurudi, urefu. Jedwali la namba limetengenezwa kuuza filta. Zaidi ya hapo, usiruke mara mbili. Filta A inalingana na B, B inalingana na C, lakini A na C huenda ni mabinamu wa mbali tu, kwa sababu kila ulinganisho umeruhusu tofauti yake ndogo. Daima rudi kwenye vipimo vya filta ya asili.

Kabla ya kulipa, itikise: kitu kikicheza ndani, springi ni dhaifu. Ingiza tochi uone kama mikunjo ya karatasi imepangika na gundi imeshika. Gasketi isianguke ukiipindua filta. Kopo lisilo na namba yoyote, hata kama boksi linayo, liache.

Ukipata inayofaa, nunua mbili.

Hatua ya 8: Kufunga

Washa injini dakika tano oili ipate joto, kisha zima. Filta iliyolala ivike mfuko wa plastiki kabla ya kuifungua, la sivyo oili itaishia chini ya boti na pampu ya kutoa maji itaipeleka ziwani, kwenye maji ambayo watu wanachota. Ikigoma, zungushia msasa au kipande cha tyubu ya baiskeli ndipo ushike. Kuitoboa kwa bisibisi ni njia ya mwisho: bati likichanika huna pa kushika tena.

Ikishatoka, hakikisha gasketi ya zamani imetoka nayo. Ikibaki imeganda kwenye injini na ukafunga mpya juu yake, gasketi mbili zitakaa kwa dakika chache halafu zitateleza, na oili itatoka kama bomba.

Futa uso wa injini kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Paka oili safi kwenye gasketi mpya, si grisi. Filta inayokaa mdomo juu ijaze oili mpya kwa kupitia vitundu vya pembeni, kamwe si tundu la katikati, maana la katikati ni njia ya oili iliyokwisha chujwa. Chochote utakachomimina hapo kinakwenda moja kwa moja kwenye beringi. Funga kwa mkono mpaka gasketi iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko, au kama boksi linavyosema. Spana ni ya kufungulia tu.

Jaza oili, kisha vuta kebo ya kuzimia na upige stata sekunde chache chache mpaka taa ya oili izime. Kama ekzosi yako inapozwa kwa maji ya ziwa, funga kwanza koki ya maji. Stata ikizunguka bila injini kuwaka, pampu inaendelea kujaza maji kwenye sailensa, na hakuna moshi wa kuyasukuma nje. Yakirudi hadi kwenye silinda, gharama yake si ya filta tena. Fungua koki mara tu unapowasha, usichelewe, kwani pampu ya maji nayo haipendi kuzunguka kavu.

Iache iungurume polepole dakika tano, tochi ikiwa kwenye filta. Zima, subiri dakika kumi, pima kwa kijiti boti ikiwa imetulia sawasawa, ongeza. Baada ya saa ya kwanza ya safari papasa chini ya filta kwa kidole.

Boti haina kilomita, hivyo andika saa za injini kwenye daftari. Injini nyingi ndogo hubadilishiwa oili na filta baada ya saa 50 za mwanzo, kisha kila saa 100 hadi 250 au mara moja kwa mwaka. Kitabu chako ndicho chenye kauli. Lakini mbadala ambaye hujawahi kumtumia mtoe mapema, kwenye saa 50, umpasue. Usitumie msumeno, chembe zake zitakudanganya kuwa injini inalika. Kata kwa kifungulia kopo chenye gurudumu. Kunjua karatasi juani. Masizi meusi ni kawaida. Vumbi linaloruka kwenye sumaku ni chuma, ming'aro ya rangi ya shaba ni beringi, na karatasi iliyovimba yenye utelezi wa rangi ya maziwa ni maji yaliyoingia kwenye oili. Kagua kipoza oili. Karatasi iliyochanika au kubonyea kuelekea katikati ina maana baipasi haikufanya kazi, na ile ya pili uliyonunua irudishe dukani.